Fundi alitenganisha waya za kijani, nikamshuku

Wakuu, habari zenu. Mimi ni cucu, yaani nyanya, shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo mnivumilie. Haya yalinipata mwenyewe na siongezi chumvi.

Kwangu ni Landless, Thika, lakini saa hii nakaa Gatongora, Ruiru, kwa binti yangu Njeri. Anajibu simu za wateja kwa kompyuta, akiwa chumbani. Intaneti ikikatika, supervisor wake Achieng anaona. Alikuwa amemwonya tayari: ikikatika tena, kazi inaenda kwa mwingine.

Na panya wakala waya ya router.

Tukaita fundi, Macharia. Akakata pale palipoliwa, akaanza kufunga kichwa kipya, ile plastiki inayoingia kwa router.

Nikavuta stuli nimwangalie mikono.

Ndani ya hiyo waya kuna nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili, kila rangi na mwenzake. Orange akaziweka pamoja, sawa. Kufika kijani, moja huku, nyingine kule, na katikati akaingiza bluu zote mbili!

"Haiya! Mbona unatenganisha mapacha?"

"Cucu, ndivyo hukaa." Hata macho hakuinua.

Ndivyo hukaa. Gathogo, fundi wa bomba kule kwetu Thika, Kamenu, pia alikuwa akisema hivyo, na kila akitoka kwangu anaacha nati imelegea ili aitwe tena. Mimi nilishaumwa.

Macharia akaacha vyombo vyake kwetu, maana jioni alikuwa arudi kwa jirani, Mama Shiko. Njeri naye akaenda Thika kuniangalilia nyumba.

Wakuu, mimi nimelea mapacha, Wanjiku na Wairimu. Viondo nimesuka tangu nikiwa msichana. Nyuzi nane zinishinde?

Nikakata vichwa vyote viwili, huku na huku, nikachukua vipya kwa vyombo vya Macharia. Nikapanga kila rangi na mwenzake, nikabana kwa ile koleo. Nikaweka kile kitu chake cha kupima: taa zote nane zikawaka, moja baada ya nyingine. Nikasema, Macharia, leo umepatana na mwenyewe.

Jumatatu, Njeri aliporudi kazini, intaneti ikaanza kushika na kuachilia. "Hello? Hello?" Njeri anaita, mteja hasikii. Achieng akapiga: leo ndiyo ya mwisho.

Mimi nikajua ni Macharia anatufungia kutoka huko aliko. Nikamwambia Njeri hivyo, naye akampigia simu akimfokea vibaya.

Akaja. Akaangalia kichwa cha kwanza, akaangalia cha pili. Kisha akaangalia vidole vyangu.

Akaongea polepole: "Cucu, hizi viti za nyuzi ziko na ndoa. Wa kiti cha tatu, bibi yake anakaa cha sita. Wewe umemkalisha na bibi ya jirani."

"Na taa si ziliwaka?"

"Taa inaona kila mtu amefika. Haioni amekuja na nani."

Njeri akaingia akiwaka moto. "Macharia, ulitufanyia nini?"

"Vichwa vililegea, madam. Pole." Akafunga upya, akaenda.

Siku hiyo intaneti haikukatika tena. Achieng hakupiga tena.

Lakini mimi nikabaki na swali. Mtu akikufichia kosa lako hivyo, anataka nini? Gathogo hakuwahi kunifichia kosa langu lolote!

Nikamwambia Njeri ukweli. Akampigia Macharia, akanipa simu: "Mum, mwambie wewe."

Nikamwomba msamaha. Nikamuuliza pia kwa nini alinifichia.

"Cucu, nilijua hutaweza kukaa na hiyo siri, utasema mwenyewe," akasema, akacheka.

Nilichojifunza ni hiki: kabla hujafumua kazi ya mtu, muulize sababu mpaka akujibu. "Ndivyo hukaa" si jibu, nyinyi mafundi. Mngekuwa mnaeleza, hatungewashuku.

Jumamosi anakuja kumalizia kwa Mama Shiko. Stuli yangu nimeshapeleka.

Sasa wenye kujua waya, semeni hapa chini: hiyo ndoa ya tatu na sita ni ya kweli, ama nimedanganywa tena?