Kwenda Kumpiga Picha Bibi Arusi

Katika miaka ile ya vita, mtu wa Uvira akivuka mpaka kwenda Bujumbura, watu walijua anakimbia, anatafuta dawa, au anafuata bidhaa. Mimi nilivuka kwenda kumpiga picha ndege. Majirani zangu wa mtaa wa Kilibula waliposikia, walicheka mpaka machozi, na nikawaacha wacheke. Kicheko kilikuwa adimu siku zile.

Kazi yangu ni picha. Nina chumba cha kupigia picha hapo Kilibula, na watu wa komunyo, wa harusi na wa kadi za utambulisho ndio wanaonilisha. Lakini raha yangu ni wanyama. Mbuzi aliyepanda juu ya ukuta, mbwa anayelala katikati ya barabara, mdiria anayechungulia maji. Wote hao nimewapiga, na hakuna aliyeniomba. Mnyama hakuambii umpunguze tumbo, wala harudi kesho yake kulalamika kwamba umemfanya mweusi. Mtaani waliniita Foto ya Mbuzi, na jina nililizoea.

Safari hii ilianzia kwa Shangazi Feza, dada mkubwa wa marehemu baba yangu, anayekaa mtaa wa Songo, hapahapa Uvira. Kabla ya vita alikuwa na musambi, yaani korongo mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, ndege ambaye baadhi ya watu wa bonde la Ruzizi humfuga uani kama wengine wanavyofuga kuku. Alimpata akiwa kifaranga, mwaka ule aliofiwa na mumewe. Akamlea kwa ndagala, dagaa wa ziwani, na mahindi ya kupondwa, akamwita Bibi Arusi kwa sababu ya lile taji na ule mwendo wa madaha. Vita ilipoingia mjini, watu walikimbia na magodoro na masufuria. Shangazi alikimbia na ndege kwapani. Kambini Burundi hakukuwa na mahali pa kumweka, na wenye njaa walikuwa wameanza kumtazama Bibi Arusi kwa jicho la jikoni. Basi shangazi akampeleka kwenye bustani ya wanyama ya Bujumbura, akamwachia mtunzaji, akaahidi kurudi kumchukua.

Sasa alikuwa amerudi Songo, lakini mguu ulimvimba na safari ikamshinda. Aliniita uani kwake, akanionyesha ua mpya wa matete.

"Ona, lupango iko tayari," alisema. "Weye si unapendaka banyama? Enda uniangalilie Bibi Arusi kama iko muzima. Kama iko muzima, umupige foto unilete. Kisha nitatuma muntu amukamate, arudi kwake."

"Na kama hayuko tena, shangazi?"

"Basi uniletee ukweli. Bongo nilishachoka nazo."

Nilimwelewa kwa nini uongo ulikuwa umemchosha. Wakati baba alipofariki, shangazi alikuwa bado ng'ambo kambini, na kila aliyepita alimwambia, "Ndugu yako iko muzuri, anakusalimia." Alisalimiwa na marehemu msimu mzima. Vita ilikuwa imetufundisha sote kufunika habari mbaya kwa kitambaa kizuri, na yeye hakutaka tena kitambaa.

Kavimvira, asubuhi. Kwenye mpaka, askari alitumbukiza mkono katika mfuko wangu, akapita shati, akapita taulo, akatoka na kamera.

"Apareyi ni ya nini?"

"Ya kupiga foto ya banyama, chef."

"Banyama gani?"

"Mamba, sokwe, na musambi."

Akamgeukia mwenzake. "Ona huyu! Batu banakimbia masasi, yeye anakimbilia mamba." Wakacheka wote wawili, nami nikacheka pamoja nao kwa adabu. Akanirudishia kamera. "Pita, kabla sijabadilisha roho."

Kutoka mpakani hadi Gatumba na kuendelea nilipanda nyuma ya baiskeli. Mwendeshaji alikuwa kijana wa Kirundi mwenye shingo nene na tabia moja ya ajabu: palipokuwa na nyumba zenye watu aliimba, na palipokuwa na vichaka alinyamaza. Sikuhitaji kuuliza wapi kuna hatari; nilisikiliza tu wimbo. Bonde lilikuwa zuri kwa namna iliyoumiza. Mashamba ya mpunga yalikuwa kijani, na katikati yake nyumba zisizo na mabati, milango wazi, hakuna hata kuku.

Kwenye daraja la Ruzizi, mateso. Chini yetu, kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, alikuwepo kiboko na mtoto wake. Mtoto alikuwa amepanda mgongoni mwa mama, anateleza, anapanda tena. Maishani mwangu sijaona picha iliyojipanga vile. Mkono ukaanza kwenda mfukoni wenyewe.

"Yaya, mukubwa," alisema kijana bila kugeuka, "ukitoa iyo apareyi hapa penye basoda, minye naruka, nakuachia baiskeli na matata yake."

Askari wa daraja walikuwa wanatutazama. Nikarudisha mkono. Mpaka leo, picha zote nilizopiga hazinisumbui kama ile nisiyoipiga.

Bujumbura, jua likiwa kali. Bustani ya wanyama ilikuwa karibu tupu. Nani ana moyo wa kutembelea nyoka wakati huo? Mtunzaji, Mzee Dismas, Mrundi mwembamba aliyejifunza Kiswahili sokoni, alinipokea kana kwamba nilikuwa nimealikwa. Alinipeleka kwa mamba kwanza, kama mwenyeji anavyompeleka mgeni kumsalimu mkuu wa familia. Mamba alikuwa amelala kinywa wazi. Nikampiga ubavuni, nikampiga meno, nikampiga jicho. Sokwe naye alikaa mkono kwenye shavu, akinitazama kama mwalimu anayesubiri jibu. Raha ilinipanda kichwani. Nilipoona filamu inakaribia kuisha, nikakumbuka nilichotumwa.

"Mzee, kuna musambi aliletwa na mama mmoja wa Uvira."

Uso wa Mzee Dismas ulifunguka. "Bibi Arusi! Ule mama alilia hapa kwenye mlango mpaka na minye nikalia. Kuja."

Alikuwa hai! Alikuwa kwenye uwanja wa majani nyuma ya nyumba ya nyoka, amenenepa, taji limesimama, anatembea kama anayesindikizwa na kwaya. Nilimwita jina lake, akasimama akainamisha kichwa upande. Na kando yake, kila alipokwenda, alikwenda musambi mwingine, mrefu zaidi, mwenye bawa lililopinda.

"Huyu alifika bawa limevunjika," Mzee Dismas aliniambia. "Toka siku ile habaachane. Mwaka huu balitaga."

Nikamweleza kwamba shangazi anamtaka ndege wake. Mzee alichokonoa udongo kwa fimbo kabla ya kujibu.

"Ni wake, sitakatala. Alete muntu, nitamufunga vizuri kwenye kitunga. Lakini huyu mwenye kubaki hatakula. Minye nabajua."

Nilibaki na nafasi ya picha moja. Mimi ni mtu wa nyuso. Nikipata jicho zuri, mengine yote naona ni takataka. Nikavuta lensi, nikamsubiri yule mwenye bawa, aliyekuwa akijiingiza kila mara, asogee pembeni, nikampiga Bibi Arusi uso na taji peke yake. Nilijua palepale kwamba sijawahi kupiga picha bora kuliko ile.

Kavimvira, alasiri. Askari wa asubuhi alikuwa bado kwenye zamu. Nilijua anaweza kuifungua kamera na kuiunguza filamu yote kwa jua. Aliishika, akaizungusha.

"Ule sokwe angaliko?" aliuliza. "Ku masomo balitupelekaka kule, tukiwa ba mutoto. Aliniibiaka kofia."

"Yuko, chef. Amezeeka."

"Na kofia?"

"Sikuiona."

Akacheka peke yake, akanirudishia kamera kwa mikono miwili. Nilitamani kumpiga picha wakati ule, kama ingekuwa ruhusa.

Kilibula, siku iliyofuata. Nilisafisha filamu katika chumba changu cha giza. Ilikuwa filamu ya nyeusi na nyeupe, na uso wa Bibi Arusi ulipoanza kujitokeza ndani ya dawa nilipiga kelele ya furaha, mke wangu akadhani nimejimwagia dawa. Nikaichapa kubwa, nikaikausha, nikaifunga kwenye gazeti, nikaenda Songo nikitembea kwa madaha kama yule ndege mwenyewe.

Shangazi alifungua gazeti. Akatazama. Midomo ikaanza kumcheza.

"Nilijua," alisema. "Nilijua kabisa." Akavuta kitenge akajifunika uso, akalia kilio kile cha chini, cha msibani.

"Shangazi! Yuko hai! Ndiye huyo!"

"Nyamaza, mutoto wangu. Umefanya muzuri kumupiga ya heshima."

Ndipo nilipoona nilichofanya, mimi fundi mkubwa. Huku kwetu picha ya mtu ni mwili mzima, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu. Mteja akikuta umemkata miguu, hailipi hiyo picha, na ana haki. Kichwa peke yake kina kazi mbili tu: kinabandikwa kwenye kadi, au kinawekwa juu ya jeneza. Na Bibi Arusi hakuwa na haja ya kadi.

Niliapa. Nilimweleza habari za Mzee Dismas, za mwenye bawa lililopinda, za mayai. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunionea huruma.

"Kaka yangu pia balisema alioga, alikula, alicheka," alisema. "Kufunika kwako ni kwa roho muzuri, nakushukuru."

Majirani walikuja kumpa pole. Mmoja alileta sukari. Jamani, nilikuwa nimemfanyia ndege mzima matanga! Nilirudi nyumbani nimenuna, nimejikasirikia, na kabla sijavua viatu nilimwambia mke wangu kwamba narudi Bujumbura.

"Kwa ndege?" aliuliza.

"Kwa miguu yake," nikamjibu.

Safari ya pili ilichelewa. Njia ilifungwa kwa sababu ya mapigano, na shangazi alikaa siku zote hizo akimlilia aliye hai. Barabara ilipofunguliwa nilipanda baiskeli ya kijana yuleyule. Safari hii alinyamaza karibu njia yote.

Bustanini nilimweleza Mzee Dismas yaliyotokea. Aliitazama nakala ya picha niliyokuja nayo, akaniangalia mimi, akatikisa kichwa.

"Ee bwana, ulimupiga ya musiba! Hata minye ungenitumia hii, ningevaa nguo nyeusi."

Akatwaa ufagio, akafagia pale uwanjani ili majani yasifiche vidole. Akamwaga ndagala ili ndege wasimame mahali pamoja. Kisha akaniomba nisubiri, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu vyake vya misa. Akasimama nyuma yao, mikono mapajani, bila tabasamu, kama watu wanavyosimama kwenye picha ya maana. Bibi Arusi mbele, mwenzake ubavuni, bawa lake lililopinda limemgusa mgongoni. Nilirudi nyuma, nikarudi tena nyuma, mpaka kila kidole na kila kiatu kikaingia. Kwa mtu wa nyuso ilikuwa picha ya kawaida kabisa. Niliipiga mara kadhaa, nisije nikabahatisha.

Songo, mwisho wa safari. Shangazi aliipokea bila kuharakisha. Alikuwa amekwisha kulia. Hakuanza na taji. Alianza chini, kwenye miguu, akapanda taratibu, kidole chake kikipita juu ya karatasi. Akasimama kwenye mguu wa kushoto.

"Huyu, kidole chake kilipinda siku ya kukimbia," alisema. "Kamba ilimukata. Minye mwenyewe nilimufunga na kitambaa." Akaniangalia, na macho yake yalikuwa yamerudi. "Iko muzima!"

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia. Basi na weye, muntu anapiga foto ya muzima bila miguu?" Akanipiga kofi la begani, akacheka, akalia kidogo, akacheka tena. Alimwita jirani aliyeleta sukari aje kuona.

Nami nilijifunza hapo jambo ambalo wateja wangu walikuwa wakinifundisha miaka yote nikiwadharau kimoyomoyo: uso mzuri unaweza kuwa wa popote, wa jana au wa kaburini. Anayekungoja nyumbani anataka kuona umesimama, umesimama wapi, na umesimama na nani.

Shangazi alikuwa bado anaitazama picha. Kidole kilikuwa kimehama kwa Bibi Arusi, kimetulia kwenye miguu ya yule mwingine.

"Na huyu ndiye ule wa bawa?"

"Ndiye. Mzee anasema hawaachani. Anasema ukimchukua mmoja, mwingine hatakula. Lakini ndege ni wako, shangazi. Njia sasa imefunguka. Nikienda kesho, nitamleta."

Aligeuka akautazama ule ua mpya wa matete, uliokuwa bado una harufu ya ziwa.

"Matete uwape ba jirani, bazibe kibanda cha mbuzi," alisema. "Bibi Arusi abaki kule. Minye nilishazoea kulala peke yangu. Yeye asizoee."