Barabara ya Mivinje na Jina la Mama

Niliondoka Mkunya kwa sababu mama alikuwa anataka kuweka matanga. Mdogo wangu Yohana aliteremka Mtwara kujenga barabara mpya ya ufukweni, na tangu mvua za mwaka uliotangulia hatukupata hata salamu. Nilimwomba mama asubiri, nikamtafute, mzima au kaburi lake.

Newala nilipata lori la korosho. Tulipita Kitangari na Nanyamba, vumbi likitupaka sote rangi moja, nami nimemnunia dereva kwa kusimama kila penye kivuli.

Mtwara tuliingia mchana. Barabara yenyewe inaanzia karibu na boma, inateremka hadi bandarini, kisha inaifuata bahari mpaka Shangani. Sisi wa Newala tunashuka bondeni kufuata ndoo moja ya maji. Kuona maji yote yale yamekaa bure kuliniudhi kweli.

Bandarini nilimsalimu bibi muuza uji, nikamuuliza Yohana wa Mkunya.

"Marahaba, mwanangu. Yohana simjui. Hapa palikuwa na kinjia cha wachuuzi wa samaki, minazi huku na huku. Serikali ilipotaka bandari, wakaja vijana wenu wa juu mlimani, wakaponda mawe ya pwani, wakamwaga. Nenda mbele kwenye miti, ndiko waliko."

Kwenye miti, mzee mmoja alikuwa anamwagilia miche ya mivinje.

"Yohana? Hapana. Mivinje hii kaipanda Baba Asinati, mchanga usile barabara. Kamuulize yeye."

"Sitafuti baba wa mtu, mzee! Natafuta mdogo wangu, hana hata mke!"

Nikaondoka kwa hasira. Mbele kidogo nikasimama ghafla. Asinati ni jina la mama yetu. Nyumbani hatulitamki, yeye ni Mama Selina, kwa jina langu mimi. Nilianza kukimbia.

Shangani, mwisho wa barabara, Yohana alikuwa anasawazisha kokoto.

"Shikamoo, dada! Salamu nilizowapa madereva hazikufika?"

Nililia, nikamgombeza, nikalia tena. Jioni mkewe alinipakatisha mtoto wao, Asinati.

Wakati wa kurudi vumbi lilikuwa lile lile, ila sikumnunia mtu. Nilikuwa nimejifunza kwamba aliyekwenda mbali haulizwi kwa jina ulilomwacha nalo.

Mkunya nilimkuta mama uani, mikeka ya msiba imetandikwa, anaogopa kuuliza.

"Asinati anakusalimu," nikamwambia.

"Asinati yupi? Asinati si mimi?"

"Yupo mwingine, anatambaa Mtwara. Wa Yohana."

Mama aliinuka. Alikunja mikeka yote, mmoja mmoja, ndipo akauliza kama mtoto ameota meno.