Mtoto Hapeleki Msiba

Kitabu kimoja tu nimekimaliza maishani, na hicho sikukisoma, nilisomewa. Shule niliiachia Bukavu, primeri, sababu mwalimu alikuwa na fimbo na mi nilikuwa na miguu. Viatu njo vikanilisha: kushona soli, kupiga gundi, kubadilisha visigino vya mama za kanisa. Dzaleka nako, kambi ya wakimbizi ya Malawi iliyokuwa gereza zamani, nilishona viatu, ijapokuwa huko wengi walitembea peku, na fundi wa viatu kati ya watu peku ni kama kinyozi kati ya wenye vipara. Lakini nisianze kupotea. Nazungumzia kitabu.

Kilikuja katika begi la binti wa mdogo wangu, likizo ile ndefu, baridi ikiisha na vumbi jekundu likianza kuamka. Nilimlea mimi tangu wazazi wake wapite. Alikuwa anasoma shule moja ya Lilongwe, upande wa Area 47, analala huko huko bwenini, kanisa linamlipia. Alikuwa na akili ya kutisha. Walimtia katika darasa la wale wachache wanaosukumwa kwenda universite, na watoto wa darasa hilo hawakujua kupumzika: likizo ikifika kila mmoja anapewa kitabu kinene cha Kiingereza, asome, aandike kila sura inasema nini, na mwisho ajibu kwa maneno yake kwa nini mambo yaliisha vile yalivyoisha. Kazi ikiwa mbaya unatolewa, unarudishwa darasa la kawaida. Na kanisa lilikuwa limesema wazi: linalipia mtoto wa darasa lile, si mwingine. Atolewe pale, njia yake ni kurudi Dzaleka. Na Dzaleka wanaume walikuwa wameshaanza kumpima kwa macho. Mmoja alinitumia hata wajumbe pamoja na kuku. Kuku tulimla, wajumbe nikawarudisha.

Tulikuwa tunakaa katika majengo yale ya zamani ya gereza, familia na familia, kitenge kimetundikwa katikati kama ukuta. Ukuta wa kitenge hauzuii jicho wala sikio. Mama jirani, Mrundi, mpika mandazi, alimwona mtoto anasoma midomo imefungwa, akamwita:

"We, unakula peke yako?"

"Sikuli kitu, mama, nasoma."

"Njo hiyo nasema. Chakula iko mu kitabu, na sisi tunameza mate. Leta hapa."

Akaleta. Tangu siku ile, kila mchana ukiinama, maharagi ya kugawiwa yakichemka — na maharagi yale yalikuwa mawe, yanakula kuni tangu asubuhi — anakaa kwenye kibao changu cha kushonea, anasoma kipande kwa Kiingereza, kisha anakigeuza Kiswahili chetu. Watu walijaa. Baadaye, mambo yakiwa bado moto kichwani, anaandika sura ile ya shule.

Kilikuwa kisa cha fundi saa, muzee wa mji mmoja wa mbali ambako mvua haikatiki. Ana binti mmoja tu. Wanagombana kwa neno dogo, binti anaenda mji mwingine, haandiki, harudi. Muzee anabaki na masaa yake ukutani. Hapana vita ndani, hapana bunduki, ni mvua na masaa tu. Nilifikiri watu watachoka. Kumbe! Asubuhi nikienda kuchota maji naulizwa: "Muzee wa saa aliamkaje?"

"Huyo binti hana haya," mama wa mandazi alikuwa anasema, akigeuza mandazi kwa hasira. "Muzee iko na masaa dunia muzima. Saa itamupikia? Itamusugua mugongo?"

Siku moja mtoto alifika katikati ya ukurasa akanyamaza. Akafunga kitabu na kidole ndani, akawaambia watu: "Muzee iko mugonjwa sana." Kisha akainuka, akaja kuninong'oneza sikioni:

"Papa mukubwa, muzee wa saa ameenda."

"Wapi?"

"Ameenda."

Nikaelewa.

Hapa lazima nieleze, sababu mtu wa mahali pengine atashangaa. Kwetu msiba haurushwi kama jiwe. Unabebwa. Anaubeba mtu mzima, mwenye kichwa kilichotulia, na hafiki akasema fulani amekufa. Anafika, anasalimia, anaomba maji. Anasema fulani anaumwa. Anakaa. Anasema anaumwa sana, afadhali mtu aende. Anahakikisha mwenye msiba ameketi, hana mtoto mgongoni, hayuko karibu na moto. Ndipo anamaliza. Warundi nao ni hivyo hivyo, wana hata neno lake, kubika. Katika ukoo wetu kazi hiyo ilikuwa yangu tangu ujanani. Nilishatembea usiku na mchana na maiti za watu kinywani mwangu. Hata yeye, habari ya wazazi wake nilimpa mimi, nikamkalisha, nikamnywesha maji. Mtoto hapeleki msiba. Binti asiyeolewa ndiyo kabisa: akiutamka mbele ya wakubwa ni kama amewavulia nguo.

Basi nikainuka, nikaomba maji. Waliponiona nimeomba maji walijua. Mama wa mandazi aliipua karai motoni. Nikazunguka kama inavyotakiwa, nikamaliza: "Muzee wa saa hatuko naye tena."

Walilia. Usicheke. Walilia kilio cha kweli, wanawake wakajifunga vitenge kiunoni, mtu akaleta kuni, mwingine sukari. Njiani tulikotoka tuliacha watu hatukupata hata nafasi ya kuwakalia matanga. Kila mmoja alijua anamlilia nani. Hakuna aliyeuliza mwenzake.

Mtoto akaandika sura ile vile alivyoisema: muzee aliugua sana, watu wakamwita binti yake. Na swali la mwisho, kwa nini binti hatimaye alirudi nyumbani, akajibu hivyo hivyo: sababu baba yake aliugua sana. Kwake ilikuwa imetosha. Nani asiyeelewa?

Shule ilifunguliwa, akaenda. Haukupita muda pasta wa kanisa linalomlipia akaniletea neno: mwalimu wa Kiingereza amekataa kazi yake, anasema kitabu hakukimaliza, anatolewa, mzazi afike. Nikapanda matola, pikapu za kubeba watu na mizigo, juu ya magunia ya mahindi, nikashuka Kawale, Lilongwe, mwekundu kwa vumbi kama chungu kipya, nikanawa kwenye bomba la soko, nikapaka viatu rangi. Viatu vyangu angalau vilikuwa na heshima.

Mwalimu alikuwa mama wa Kimalawi, mnene, mpole. Alinipa kiti. Mtoto akasimama ukutani. Mama yule akanisemesha Kichewa polepole, nami nilikuwa nakishika kidogo:

"Bambo, binti huyu anaandika vizuri kuliko wote. Lakini muzee amekufa katika kitabu, kitabu chote kinaelekea hapo, na yeye anasema anaumwa. Kuna mtu alimsimulia. Na alimsimulia vibaya."

Nikamweleza mambo ya kubeba msiba, kwa Kichewa changu cha viraka. Akasikiliza hadi mwisho.

"Kwetu pia ni hivyo," akasema. "Nimekulia kijijini. Lakini mtihani hauna wajomba, bambo, na nina watoto wengine wanaotaka nafasi yake. Aniambie mwenyewe, hapa: muzee alipatwa na nini?"

Mtoto akatazama sakafu.

"Amekufa, madam," nikasema.

"Sikukuuliza wewe, bambo."

Nikamwangalia mtoto, nikaona macho yake hayako sakafuni. Yako kwenye magoti yangu. Nikajua: mradi mi nimekaa kwenye kiti hiki, hatafungua kinywa, watamtoa huku ninamwangalia, ataolewa na mwenye kuku.

"Samahani, madam," nikasema, "tumbo." Nikatoka.

Nilisimama chini ya dirisha. Kiingereza sina, ila neno lile la kufa nilikuwa nalo, ofisi zote tulizopita zilitufundisha. Mama aliuliza. Akauliza tena. Ndipo nikalisikia, limetoka kama mtu anayetapika. Mama hakutosheka. Akataka lote: nani amekufa, alikutwa wapi, nani alimfumba macho, binti alifika saa gani. Sauti ya mtoto ikaanza kukauka, ikanyooka, mwishoni ikawa kama ya redio. Mi nilikuwa nimeomba hivyo, na sasa nikatamani anyamaze.

Akatoka. "Nimebaki, papa mukubwa."

"Zikomo, madam!" nikapiga kelele ya asante dirishani kama kichaa.

Likizo iliyofuata alirudi na kitabu kingine. Mwaka ule homa zilikuwa mbaya, na gari la hospitali lilipeleka watu Lilongwe na kurudi na habari zao kwa Kiingereza. Wanaume waliojua kidogo walikuwa wanajificha, sababu anayeelewa njo anabeba. Siku moja mi sikuwepo. Wakamwita yeye. Kulikuwa na kijana, mke wake alienda kujifungua.

Nilirudi nikakuta mama wa mandazi ananingoja njiani, mikono kiunoni.

"Ulimupeleka shule, bakamutoa kifuniko! Alimuambia vile mutu anasema maji imefika kwa bomba!"

Nikamwita mtoto. "Mbona haukumukalisha?"

"Nilimukalisha. Alikaa. Kisha nikasema muke amekufa na mutoto amekufa." Akaniangalia usoni, jambo ambalo hakuwa analifanya. "Ningesema nini ingine, papa mukubwa? Bakufe mara ngapi?"

Nikarudi kwenye kibao changu, nikashika kiatu. Na watu, pamoja na kulalamika kwao, walizoea haraka. Hawakuja tena kwangu. Gari likisimama wanamfuata yeye pale anapoandika kazi ya shule. Anaweka jani katikati ya kurasa, anaenda, anasema, anarudi, ananawa mikono, anaendelea na mstari ule ule alipokuwa ameuachia.

Kazi ile ya likizo ilikuwa ya kwanza darasa zima. Pasta aliniambia mwalimu hakupata mahali pa kuweka wino mwekundu.