Magazini Mbili Ndani ya Sanduku Langu

Jina langu mlifiche, maana huku kwetu watu wanajuana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mitano, mjane, nakaa upande wa Kitui, mbali kidogo kutoka soko la Kanyangi. Masomo niliacha darasa la tatu, kwa hivyo nikikosea mnivumilie. Nina watoto wawili tu, kijana na msichana. Kijana ameoa, amejenga hapa kwangu. Msichana ameolewa boma la pili kutoka hapa, na ana watoto watatu.

Shida yangu ni bunduki. Wezi wa mifugo walipozidi huku, serikali iliandika vijana wawe askari wa akiba. Kijana wangu akaandikwa, na mume wa msichana wangu pia. Kila mmoja alipewa bunduki moja na magazini yake, kile kibati kinachobeba risasi. Kwa sababu nyumba zao zina watoto wadogo, walikubaliana bunduki zikae kwao na magazini zikae kwangu. Nazifunga kwa leso, naweka ndani ya sanduku la nguo.

Siku moja mkwe wangu alianguka na baiskeli kule korongoni, na magazini ikagonga jiwe. Tangu hapo risasi ya kwanza inaingia vizuri, ya pili inakwama mdomoni, haipandi. Walihangaika nayo hapa uwanjani. Waliiosha na mafuta ya taa wakidhani ni vumbi. Wakaipangusa tena ikauke, eti mafuta ndiyo yanashika mchanga. Wakapunguza risasi, ikawa afadhali, halafu ikarudi vile vile. Kijana wangu akasema labda bunduki ndiyo mgonjwa, wakabadilishana magazini. Ugonjwa ukahama na magazini. Ukipitisha kidole utasikia pale juu bati limepinda, na springi ndani imelegea. Mkwe alipoipeleka kwa wakubwa wao aliambiwa hakuna nyingine, na kama anaona shida arudishe bunduki yote. Bunduki ikirudishwa hairudi, na njia ya kwenda silanga, lile bwawa la kunywesha ng'ombe, inalindwa na hizo mbili tu.

Kwanza haikuwa shida kubwa. Walikuwa wanapokezana zamu, anayeenda anachukua magazini nzuri. Lakini sasa amri imetoka waende doria porini pamoja kila mwisho wa mwezi. Kijana wangu akaniambia, "Mama, wewe ndiye utagawa. Mimi na shemeji tukianza kugawana tutakosana." Nikamwambia, "Na mimi nikosane na nani?" Akacheka, akaenda.

Mara ya kwanza msichana wangu ndiye alikuja kuchukua ya mume wake, kwa sababu kwetu Ukambani mkwe haingii kwa mama mkwe ovyo, wala hamwangalii usoni. Msichana akasimama mlangoni. "Mama, mimi sikuambii cha kufanya. Nakukumbusha tu hao watoto wangu wanakuita susu." Susu ndiyo nyanya kwetu. Nikampa nzuri. Ile inayokwama nikampa kijana wangu mwenyewe. Akaipokea, akapitisha kidole pale juu, akaiweka mfukoni. Wakakaa porini siku kadhaa. Walirudi wazima, Mungu asifiwe, hawakukutana na mtu. Lakini bibi ya kijana wangu hanisalimii tangu siku hiyo. Anapita na mtungi wake kama mimi ni mti. Simlaumu, hata mimi ningefanya hivyo.

Sasa mwezi unaisha tena. Nikasema safari hii nibadilishe, haki iwe haki. Nilikuwa napepeta ndengu nyuma ya nyumba nikasikia mtu anakohoa upande wa pili wa ua. Ni mkwe, na msichana wangu yuko kando yake. Akaongea na bibi yake, lakini kwa sauti ya kunifikia mimi. "Mwambie mama safari hii anipe ile inayokwama. Mimi ndiye niliiangusha. Na yeye ana kijana mmoja tu." Nikasikia msichana analia.

Jioni hiyo kijana wangu akaja kula. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mama, usinibadilishie. Nipe ile ile. Shemeji akiumia na hiyo kitu, dada yangu nitamwangalia na macho gani?" Nikamuuliza, "Na bibi yako?" Akasema, "Huyo niachie."

Ndugu zangu, kama wangeng'ang'ania nzuri ningejua la kufanya, ningewagombeza wote wawili. Sasa kila mmoja anaomba mbaya, na mkono wa kutoa ni wangu. Nimefungua hiyo leso na kuifunga mpaka imechakaa. Nimechoka. Kanisani naomba, na sijui nimwombee nani kwanza.

Nishaurini, nimpe nani? Na kama kati yenu kuna mtu aliyewahi kuwa askari, anayejua jinsi ya kufanya hiyo risasi ya pili ipande, aniambie hilo kwanza, hayo mengine nitayabeba.