Z na S Ubaoni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu wa shule yetu pale Sapiwi alinikabidhi bikari ya mbao, ndefu kama mkono wangu. Mguu mmoja ulikuwa na msumari, mwingine ulishika chaki. "Ni hii hii moja," alisema. "Ukiivunja, utazunguka mwenyewe."

Nilikuwa nimeishia darasa la saba. Baba na mama walifariki, na mimi ndiye kifungua mimba. Enzi zile vijana kama sisi tulichukuliwa kufundisha asubuhi na kusomea ualimu mchana. Shangazi aliyeishi Zagayu alimchukua mdogo wangu Kabula, mjomba wa Sola akamchukua Maduhu. Msibani niliwaahidi kuwa nitawakusanya. Lakini nyumba za walimu zilikuwa zimejaa, mimi nikilala stoo ya majembe. Pale huwezi kuleta watoto.

Mwalimu Mkuu, mama mkali mwenye sauti ndogo, ndiye aliyenifundisha kuchora. Bikari hushikwa kichwani kwa vidole viwili, si miguuni. Msumari ukishatua hauinuki. Na rula ya kazi hii haipimi, inanyoosha mstari tu. "Watoto wayaamini matao," alisema, yaani vile vipande vya duara vinavyoachwa na chaki.

Somo nililolipenda ni kugawa mstari nusu kwa nusu bila kupima. Unaweka nukta mbili na kuziunganisha. Unasimamisha msumari kwenye nukta moja, unachora tao juu na chini ya mstari, kisha kwa upana ule ule unafanya hivyo kwenye nukta ya pili. Matao yanapokatana, unapitisha mstari. Popote utakaposimama juu yake, umbali wako na nukta zote mbili ni sawa.

Siku moja nilikuwa nafundisha darasa la sita. Nikachora, na matao hayakufikiana.

"Mwalimu, yamenuniana!" alisema Nkwimba, msichana wa dawati la mbele.

"Kwa nini?"

"Umefungua kidogo. Panua, ipite nusu ya mstari."

"Na mbona kitabu kina A na B, wewe umeandika Z na S?" alidakia Masanja kutoka nyuma. "Ndiyo majina ya ng'ombe wako?"

"Ng'ombe wapi! Mwalimu hana hata mbuzi," Nkwimba alimjibu.

Nilicheka nao, kisha nikaugeukia ubao na kuchelewa kugeuka tena. Sikuwa nimepanga kuandika herufi zile.

Mwalimu Mkuu alikuwa dirishani. Kipindi kilipokwisha, aliniita.

"Z ni nini?"

"Zagayu, mama."

"Nani yuko huko?"

"Mdogo wangu wa mwisho. Mwingine yuko Sola."

"Mbona hukusema?"

"Nyumba hakuna, mama."

"Habari ya nyumba niachie mimi. Wewe ulitakiwa useme watoto wapo."

Jumamosi wazazi wa wanafunzi walikuja na udongo na nyasi, wakaligeuza ghala la pamba ya shule kuwa vyumba viwili.

"Mwangaluka, mwalimu!" alinisalimu baba yake Masanja. "Ukuta huu tuujenge wima, au nao unauzungushia bikari?"

Maduhu alifika kwanza. Kabula alipokuja alisimama mlangoni, kifurushi bado mkononi. "Kaka, hapa tunakaa mpaka lini?"

"Mpaka mkue."

Ndipo akakiweka chini.

Baadaye nilihamishiwa Maswa, kisha Itilima. Kila mara nilimuuliza Afisa Elimu kwanza kama nyumba ina vyumba vya kutosha. "Kwani una wake wangapi?" mmoja alinitania. Nikamwambia sina mke, nina watoto wa mama yangu.

Sasa nimestaafu, naishi Bariadi. Walimu vijana wana michoro inayojichora yenyewe kwenye simu, na ni mizuri. Ila mwacheni mtoto ashike bikari mwenyewe. Matao yasipokutana, msimkimbilie na jibu. Mpeni nafasi apanue.

Kabula ni bibi sasa, ana mji wake na mumewe huko Zagayu. Juzi, baada ya kuvuna mpunga, alimuaga mumewe kwamba anakwenda nyumbani, akapanda basi akaja kwangu.