Ei, I, Ti

Kiingereza nilikijua kwa macho tu. Nyumbani Bombo, milimani Upare, tulisema Chasu, lugha yetu, kanisani Kiswahili, na shule niliiacha darasa la pili baba alipofariki, nikiwa bado kwenye ba, be, bi, bo, bu. Kilichobaki nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi aliyonipa mpishi wa misheni, baada ya wenye nyumba kuitupa. Kurasa za mwanzo, ambazo huenda ndizo zilizoeleza matamshi, zilikuwa zimeliwa na mchwa. Nilisoma zilizosalia nikichunga mbuzi, nikipalilia kahawa, nikingoja maharage yaive. Kila neno nililitamka kama lilivyoandikwa. "White" niliita whi-te. "Knife" niliita kni-fe, nikajisifu kwamba siruki hata herufi moja.

Ndivyo nilivyo. Nikikosea neno moja nafuta mstari mzima. Nikisalimia mtu vibaya sili vizuri siku hiyo. Mama alikuwa akisema, "Wewe mwanangu utakufa kwa kujisahihisha."

Kaka yangu alikuwa mkata mkonge kwenye shamba moja la tambarare, upande wa Same. Alipopanda nyumbani kutusalimia, mikono yake ilikuwa imechanwa na miba, na jicho moja lilikuwa jekundu tangu lilipochomwa na ncha ya jani. Yeye ndiye aliyeleta habari kwamba meneja Mzungu anatafuta karani mdogo, na kwamba atawapima waombaji kwa Kiingereza.

"Ukikosa, kuna kisu cha mkonge," alisema. "Mnyapara anachukua watu kila wiki."

"Kisu sishiki."

"Hata mimi nilisema hivyo hivyo, mdogo wangu."

Sikucheka. Kitu nilichokiogopa kuliko chochote duniani kilikuwa kuwa na mikono kama yake, na ninaona aibu kuandika hivyo kwa kuwa mikono ile ndiyo iliyotulisha. Mama naye alikwisha kuwaambia kina mama wa kanisani kwamba mwanawe ameitwa ukarani. Sikuwa nimeitwa. Nilikuwa nimesikia tu.

Nilishuka Gonja, nikapata lori, nikafika shambani nimejaa vumbi hadi kope. Tulikuwa watatu barazani mwa ofisi. Mmoja aliondoka kabla hata ya kuanza, akisema tumbo linamsumbua. Aliyebaki nami alitoka shule ya kati, kaptula yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Umesoma wapi, ndugu?" akaniuliza.

"Nyumbani."

"Nyumbani kuna mpaka darasa la ngapi?"

Karani mkuu, mzee aliyevaa miwani, alicheka, kisha akatugawia karatasi na penseli. "Bwana meneja anapenda mchezo huu, anaucheza katika magazeti ya kwao. Atataja herufi tatu. Ninyi mwandike maneno ya Kiingereza yenye herufi zote tatu, mwanzoni, katikati, popote. Mwenye mengi yaliyo sahihi ndiye karani. Haya, sikilizeni."

Meneja, aliyesimama mlangoni, alitoa kiko mdomoni. "Ei," akasema. "I. Ti."

Akarudia polepole ili tusikie vizuri. Ei. I. Ti. Nilisikia vizuri sana. Niliandika juu ya karatasi yangu: E, I, T.

Moyo ulitulia, na mimi moyo wangu hautulii ovyo. Nilifumba macho nikafunua kamusi kichwani, ukurasa baada ya ukurasa, na maneno yakaja kwa mpangilio wake kama mbuzi wanaojua zizi. "Kitchen." "Little." "Minute." "Native." "Quiet." "Sixteen." "Thief." "Time." "White." "Write." Niliyapanga kwa safu, nikahakiki kila moja lina E, lina I, lina T. Herufi moja ilikuwa imepinda, nikaifuta nikaiandika upya. Mwenzangu alikuwa akitafuna penseli. Nilimwona ana maneno machache, nikamhurumia. Kweli, nilimhurumia.

Meneja alichukua karatasi yangu kwanza. Aliipitia kwa kalamu nyekundu, na kalamu ikawa inakata, inakata. Nilidhani ndivyo Wazungu wanavyotia alama ya sahihi. Kisha ikasimama. Akazungushia neno moja, akalisoma kwa sauti huku akinitazama:

"Neitiv."

Akaangua kicheko. Karani mkuu akacheka kumfuata. "Umepata moja tu," akaniambia. "Native. Ndilo pekee."

Sikujua kwamba lile ni neno langu mpaka nilipoona kidole cha meneja juu yake. Na-ti-ve, ndivyo nilivyolijua, na kamusi ilisema ni mwenyeji wa mahali. Yeye alisema neitiv. Nikatazama mdomo wake na karatasi, karatasi na mdomo wake, na hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimesimama mbele yao. Nei. Palipoandikwa A, yeye alisema ei. Ile "ei" yake ilikuwa A. Nikachungulia karatasi ya mwenzangu: kila neno lina E, na I hamna, kwa hiyo ile "i" ya meneja ilikuwa E. Alitaka A, E, T. Nilikuwa nimejibu bila kosa swali ambalo hakuna aliyeniuliza.

"Mzee," nikamwambia karani mkuu, "nimesikia vibaya majina ya herufi. Mwambie anipe nyingine. Mwambie aziandike, asizitamke."

"Usimchoshe Bwana."

"Mwambie tu, mzee wangu, tafadhali."

"Karani anaambiwa kwa mdomo, kijana. Akitajiwa A akaandika E, mshahara wa watu utamfikia nani?"

Alisema kweli, na kwa hiyo namchukia zaidi mpaka leo. Mwenzangu alikuwa na "tea," "eat," "late" na mengine machache ya mtoto wa darasani. Yalitosha. Alipewa meza palepale.

Kaka alikuwa akinisubiri nje na mnyapara. Alinitazama usoni, akaelewa. Nilifikiria kurudi Bombo, nikawafikiria wale kina mama wa kanisani wakimsalimia mama, nikajiunga na foleni ya wakataji.

Foleni iliishia kwenye dirisha la karani mpya. Alikuwa anaandika vipande vya kazi, zile kadi za wakataji, kwa uangalifu mkubwa. Hakunikejeli, afadhali angenikejeli.

"Nitajie herufi za jina lako," alisema, "nisije nikakosea."

Nilifungua mdomo. Jina langu lina A mbili na I moja. Niziite kwa jina gani, la kwetu au la meneja? Nilisimama hapo, mdomo wazi, na nyuma yangu mtu akapiga kelele, "Jamani, huyu hajui hata jina lake!" Foleni nzima ikacheka, na kaka yangu akatazama chini.

"Andika upendavyo," nikasema.