Eda Niliyonyimwa

Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka. Nimezaliwa Mchinga, nikaolewa bara, upande wa Mtama, kwa watu waliochoka kupigwa viboko kwenye pamba ya Mdachi. Basi alipopita mjumbe wa dawa na vibuyu vyake, mume wangu akaenda akanyweshwa maji, akarudi uso unameremeta. Akanieleza alivyofundishwa: moyo ndio wa kwanza, vitu vyote huufuata, na risasi ni kitu tu. Asiyetia shaka, risasi humgeukia maji.

Nilikuwa mlangoni, ungo mkononi, napepeta. Nikamwuliza, "Na bunduki nayo imeambiwa?"

Akacheka. Mama yake hakucheka. Dawa ile ilikuwa na masharti, na mke aliyebaki nyumbani yalimfunga vilevile: asigombane, asilie, asitie shaka.

Mume wangu aliuawa katika mapigano ya kwanza tu na Mdachi. Habari zilipofika nilijifunika kaniki, nikaingia ndani kukaa eda. Mama mkwe akaukunja mkeka niliotandika. "Muuaji hakai eda. Neno lako ndilo lililompiga. Rudi kwenu."

Mawifi wakaitikia. Mjumbe mwenyewe, mzima na ameshiba, akatuma salamu kwamba dawa haina kosa. Ala! Mdachi ndiye mwenye bunduki, mgawa maji yuko salama, na mkosaji ni mimi na ungo wangu! Na kurudi kwetu bila eda ni kukiri mbele za watu kwamba nimemwua mume wangu. Wallahi sikutoka.

Siku hiyo sikumwonea haya mama mkwe. "Mama, kama neno langu lina nguvu hizo, nipelekeni Lindi mkaniweke mbele ya boma la Mdachi, niseme wale wafe wote! Mbona kila siku niliuambia moyo wangu arudi, arudi, na hakurudi? Au moyo wangu husikiwa kwa baya tu?"

Akanitazama.

"Basi mwite," akasema. "Mwite mwanangu."

Hakuwa akinikejeli. Hilo ndilo linaloniuma. Nikasimama mlangoni palepale, nikamwita mume wangu kwa jina lake, jambo ambalo kwetu mke hafanyi, nikaita mpaka koo likakauka. Yeye nyuma yangu, macho njiani.

Kisha akautandika mkeka, tukakaa wote wawili.